Aliyesaga Baada Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mashine ya kusagia ya maabara imekufa tena. Safari hii imekufa kweli — moshi, harufu ya mpira, kwisha habari yake. Na mkuu wetu wa maabara, huyu niliyempachika jina Bwana Wastani, hata kope hakupepesa. Eti tuchote konzi moja ya mahindi kutoka kila gunia la ghala tunalolikagua, tusage kwa kile kimashine cha kahawa, tupime, basi.

Konzi moja! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua sumukuvu haikai hivyo. Ukungu unaota pale gunia lilipolowa. Punje hizi zimejaa sumu, za jirani hazina kitu. Ndiyo maana tunasaga sampuli yote, kilo ishirini, tunachanganya, ndipo tunachota. Ukichota kwanza ukasaga baadaye unapiga ramli. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akajibu kwamba mimi napenda matatizo.

Mxiu! Siyapendi. Yananipenda yenyewe.

Kamati ya chakula cha shule inakaa Ijumaa. Tukiiambia mahindi ni safi, shehena yote ya lile ghala inakwenda kwenye majiko ya shule za chekechea. Mjukuu wangu yuko chekechea. Anakula kama mchwa yule, hasazi kitu.

Jumanne, 4 Machi

Majibu ya konzi yametoka. Safi! Kote safi! Bwana Wastani anapita koridoni akipiga mluzi. Sauti yenyewe mbovu.

Jioni nikamwambia binti yangu mtoto asiguse chakula cha shule, nitamfungia cha nyumbani. Akanigeukia. Mwaka juzi nilikataza maziwa, mwaka jana mboga, sasa mahindi — mtoto ale hewa? Eti hata marehemu mume wangu, baba yake, alikuwa akikaa mezani kwa woga. Marehemu ameingiaje hapa? Nikasusa chakula nikaenda chumbani. Saa hizi njaa inanikomesha, na siwezi kutoka, watanicheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya.

Nimeibeba ile sampuli, kilo zote ishirini, nikaipakia kwenye gari langu bila kuaga mtu, moja kwa moja hadi kwa msagaji wa mtaani kwetu. Foleni, vumbi, kelele za mashine mpaka meno yanatetemeka. Mbele yangu mwanamke mwenye ndoo ya bluu, mtoto mgongoni. Nikampita. Akaja juu: sote tuna haraka, au njaa yako wewe ina cheo? Nikamwambia hii ni kazi ya serikali. Akanisonya. Alisonya vizuri, lazima nikubali, na mimi si mgeni wa fani hiyo.

Msagaji nilimnyoosha. Kwanza apitishe mahindi safi niliyotoka nayo nyumbani, yaisuuze mashine kila kona, unga ule tukaumwaga. Ndipo sampuli. Akanung'unika kwamba namfukuzia wateja. Nikamwambia wateja wake hawana pengine pa kwenda, asage. Nikaupokea unga wangu, nikafunga mfuko barabara, huyoo nikarudi kazini. Hakuna wa kuniambia sampuli hii ilichafuliwa.

Kikomo cha sheria ni sehemu kumi za sumu kwa bilioni. Yangu imesoma themanini na saba! Nikapima upya. Vilevile. Nilicheka peke yangu pale maabara kama mwendawazimu, kisha nikakumbuka ninachokicheka ni chakula cha watoto, nikanyamaza. Lakini kesho! Kesho nitamwona atapigaje mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Wastani hakugombana. Ningepaswa kujua hapo hapo kwamba kuna jambo.

Aliiangalia karatasi ya majibu, akauliza tu: mashine ya mtaani, nani anajua kilichosagwa kabla? Nikamweleza nilivyoisuuza, kwa madaha yote. Akaitikia kwa kichwa, vizuri, vizuri.

"Na baada?"

Baada ya nini?

"Baada yako. Nani alisaga baada yako?"

Muda wote nilikuwa nailinda sampuli isichafuliwe na watu. Kwamba watu nao wanaweza kuchafuliwa na sampuli — halikunipitia akilini hata mara moja! Miaka yote ya kusomea usalama wa chakula. Natamani ardhi ingepasuka pale pale.

Akasogeza kiti karibu. Kesho nikiiambia kamati mahindi yale yana sumu, basi nimekiri nimemlisha mtu sumu, na yeye ataandika hivyo hivyo. Nikisema sijamlisha mtu sumu, basi mahindi ni safi. "Chagua, dada." Kaniita dada! Mshenzi. Na kinachoniuma zaidi, hajasema uongo.

Nikamwendea msagaji. Aliyenifuata nani? Akacheka: nani tena kama si yule uliyempita, mwenye ndoo ya bluu. Na wengine? Aa, wengine walikuta mashine imeshasuuzwa. Imesuuzwa na nini? Na mahindi yake yule mama.

Akanielekeza kwake. Njiani nikawa napiga hesabu: unga uliobaki mashineni labda vikombe viwili, ukichanganyika na ndoo nzima, ukigawa kwa siku — si kitu, unapotea. Nikasimama katikati ya njia. Nilikuwa natafuta wastani! Mimi! Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nikapita dukani, nikanunua unga, nikabisha hodi. Akanitambua hapo hapo. "Haya, kazi ya serikali imekuja." Nilikuwa nimejipanga kumwambia kweli, neno kwa neno. Mtoto akatambaa mpaka mlangoni, akashika pindo la gauni langu. Nikasikia mdomo wangu unasema mashine iliingia mchanga, unga wake haufai, nimemletea mwingine.

Mchanga!

Uso wake ukalegea. Kumbe mama una utu, mimi nilikutukana bure. Wamekula jana usiku na leo asubuhi, mtoto kamaliza bakuli lake, hata huo mchanga hawakuusikia. Akanipa ndoo pamoja na unga wote, nikamwachia namba yangu ya simu. Akasisitiza nisiipoteze ndoo, ni ya mama mkwe wake, na huyo mama mkwe hana mchezo. Akanisindikiza mpaka njia kubwa. Kunisindikiza mimi!

Laiti angenisonya tena.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika koridoni, nje ya chumba cha kamati. Ndoo iko katikati ya miguu yangu. Wapita njia wanaiangalia, nami nawakazia macho mpaka wanaangalia pengine.

Mapema leo niliupima unga wake. Nimeuchota wa juu: safi, hauna kitu. Nikachimba mpaka chini kabisa, ule ulioanguka wa kwanza kutoka mashineni: thelathini na moja. Ndoo ile ile moja! Konzi ya juu inasema kuleni, konzi ya chini inasema msile. Wiki nzima nawapigia kelele jambo hili hawanisikii, na sasa nina ndoo ambayo hata mtoto wa chekechea angeielewa. Ningepewa tuzo. Ila lazima wataniuliza unga huu ni wa nani na sumu imeufikaje.

Labda walichota wa juu. Nani hupika kwa kuchota chini? Jana wakati naibeba nilihisi kama ndoo imefika nusu. Sijui ilikuwa imejaa kiasi gani. Sikuuliza.

Asubuhi binti yangu kamfungia mtoto chakula cha nyumbani, kimya kimya, bila kubishana. Nilitamani abishane.

Simu imelia ndani ya mkoba. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ni yeye, mama wa ndoo. Eti samahani kwa usumbufu, mtoto tumbo linamsumbua tangu usiku, analia tu, je mchanga unaweza kufanya hivyo?

Nimeandika: Hapana. Nikafuta. Watoto huumwa tumbo, kwa meno, kwa ubaridi, kwa lolote — sumu hii kwa kiasi hiki haifanyi kazi kwa siku mbili, hula ini polepole. Najua! Hilo nalijua kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Nimeandika: Mpeleke hospitali, waambie — nikakwama. Wamwambie daktari nini? Mchanga?

Karani ametoka, ameita jina langu. Bwana Wastani amenifungulia mlango mwenyewe, kwa adabu zake zote, akipiga mluzi kwa mbali. Ameiona ndoo.

"Hiyo ya nini?"

Mluzi umekatika. Wajumbe wote wamegeuka, mwenyekiti anasema karibu mama, tunakusubiri wewe tu. Simu imelia tena mkononi. Sijamjibu bado. Mwenyekiti anauliza ninaandika nini —