Ulezi wa Kate si Wako Peke Yako

Kaka Deo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa, na mama hakutulea tuandikiane bila salamu. Usidhani moyo umepoa. Mimi ni mzima, baridi ya huku Uholanzi nimeshaizoea. Hapo Majengo wifi na watoto hawajambo? Mama aliniambia kwenye simu kwamba goti limempa nafuu kidogo.

Sasa tuongee.

Kazi yangu unaijua, ingawa unajifanya huijui. Tunajenga hazina ya pamoja ya taarifa za utafiti, ili mtafiti wa Uganda aone alichokipata mwenzake wa Nepali, na wa Sumbawanga asihangaike na jambo ambalo wengine wameshalimaliza. Mitambo si tatizo. Tatizo ni kuwafanya watu waaminiane. Nimebishana na wakubwa wa hapa mpaka wakakubali kwamba wakulima waombwe ruhusa kwanza, na kila aliyekusanya taarifa atajwe kwa jina. Hilo la pili nililidai nikikuwaza wewe. Sijamsahau yule mgeni aliyechukua utafiti wako wa shahada akauchapisha kama wake.

Ndiyo maana nikakualika kwenye mkutano wa mtandaoni, uisemee Ufipa na utoe taarifa zako za ulezi. Ukasema nini mbele ya watu wa nchi zote zile? "Huyu ni mdogo wangu, na anawauzia udongo wa mama yake." Mwenyekiti akasema tuendelee na nchi inayofuata. Kesho yake nikaambiwa nijiweke kando na kamati ya mradi mpaka mambo ya kifamilia yatulie. Mambo ya kifamilia, Deo. Nilijifungia chooni kazini nikalia kama mtoto.

Nilipokupigia ukanijibu taratibu tu: "Hizo taarifa ni jasho langu. Nikizitoa nabaki na nini?"

Jasho lako? Mvua ilipokukamata kijijini Kate ulilala kwa nani? Nani alikuachia ung'oe ulezi wake ukaupime? Mama Yustina, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alikuonyesha masuke yaliyokauka kabla ya kukomaa, akakuuliza ni ugonjwa gani. Ukamwambia utarudi na jibu. Hukurudi. Msimu huu shamba la mjomba Kasiani limekauka lote. Na yupo mtafiti huko Uganda anayeujua ugonjwa unaofanana na huo, na anazijua mbegu zinazouhimili. Alichotaka ni kulinganisha tu na ulichokusanya wewe. Alikuandikia, ukanyamaza. Yule mgeni alikuibia wewe, na wewe ukaenda kuwafanyia watu wa Kate vilevile.

Kwa hiyo nimekupita. Nilimpigia Mama Yustina nikamweleza yote, hata yale yanayoweza kwenda vibaya. Wakulima wakakutana Jumapili baada ya misa, wakabishana mpaka alasiri. Wamekubali kutoa taarifa zao upya, wao wenyewe. Yule wa Uganda ameshazungumza nao na kuona picha za masuke. Anaamini ni ugonjwa uleule, na taratibu za kuleta mbegu za kujaribu zimeanza. Nilipowaeleza kwamba majina yao yanaweza kufichwa, mjomba akakataa. "Hatujaiba kitu," alisema. "Andika jina langu, na useme shamba liko Kate."

Halafu nikawauliza kuhusu jina lako. Nina hasira, lakini siwezi kusema hukuzunguka mashamba yale miaka yote. Niliona haki na wewe utajwe. Mama yetu alikuwepo, akaomba simu.

"Hayo tusiyaseme kwenye simu," akasema. "Mwambie aje Kate, akae na watu aliowaacha wakisubiri, awaombe yeye mwenyewe."

Huo ndio ujumbe niliotumwa. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Wanakutana tena mwezi ujao, palepale kanisani. Ukienda, usiende na hotuba. Usipoenda, orodha ya waliotoa taarifa itatoka bila jina lako, na safari hii hakutakuwa na mgeni wa kumlaumu.

Nisalimie wifi, ambaye hana kosa lolote. Msalimie baba mdogo Leonsi, katekista wetu, na shangazi Filomena aliyeko Muze. Wajomba wengine nitawapigia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, bado nimekukasirikia,

Auleria