Droo ya Chini ya Kabati la Kijiji

Jumamosi jioni, Februari 1979

Katibu wa kijiji bado hajui, na sijui kama nitathubutu kumwambia. Aliniagiza nipange majalada yote upya kwa namba za nyumba kumi, na majina ya vitongoji vya zamani niyafute. "Havipo tena," alisema. "Sasa tuko kijiji kimoja."

Nilikuwa nimebakiza droo ya chini tu alipoingia Mama Gervas. Mwanawe yuko vitani, na lori la vifurushi linaondoka kesho asubuhi. Alitaka namba yake ya jeshi, iliyo kwenye jalada lake la mgambo.

"Shikamoo mama. Nyumba kumi yenu ni namba ngapi?"

"Marahaba. Namba nitaijulia wapi, mwanangu? Walitushusha kwenye lori wakasema jengeni hapa. Sisi ni watu wa Kumubuga."

Niliangalia kabati langu safi, lenye namba tupu, nikaogopa. Kama Kumubuga nimeshaifuta...

Kumbe majalada ya Kumubuga yalikuwa kwenye droo ya chini, ambayo sikuwa nimeigusa. Nilimwandikia namba kwenye gunia la karanga alilokuja nalo, juu ya jina la Gervas, naye akaipapasa kwa kidole ingawa hajui kusoma.

"Na wewe ni wa wapi?" akauliza.

"Kumubuga, ng'ambo ya mto." Sikuwa nimelitamka jina hilo tangu tuhamishwe.

Alipoondoka nilitoa majalada yote, nikarudisha majina ya zamani chini ya namba, kwa penseli. Jumatatu katibu atafungua kabati. Naogopa, lakini raba nitaiacha nyumbani makusudi.