Siku Rimu ya Baba Iliponyamaza

Webuye,
19 Juni, 2005

Kwa Dada yangu mpendwa Agneta,

Pokea salamu ambazo zimekaa miaka mingi bila mtu wa kuzipeleka. Hujambo? Mbugua hajambo? Wacuka na wadogo zake wanaendeleaje, na mahindi ya Saboti yamefikia wapi mwaka huu? Huku kwetu mvua imekuja vizuri, maharagwe yamechanua, na sote tu wazima isipokuwa goti la Baba, ambalo huanza kulalamika asubuhi kabla mwenyewe hajaamka. Mimi ni Levi, yule uliyemwacha bila meno ya mbele. Meno yaliota, dada. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mke na watoto, na hayo peke yake yangejaza barua nzima, ila leo hayana nafasi.

Najua mtoto wako amekwisha kukusimulia upande wake wa mambo. Alinipa hata namba yako ya simu, lakini Baba amenikataza kuipiga. Anasema jambo kama hili halisemwi kwa simu inayokatika mtu akipita chini ya mti. Kwa hiyo naandika, naye amekaa hapa karibu akijifanya anapukuchua mahindi. Gunzi alilo nalo mkononi limeisha kitambo.

Lazima nianzie kwenye ligi, maana bila ligi hakuna barua. Unakumbuka jinsi Baba alivyowapenda wale wasichana wa mpira wa wavu wa Chuo cha Ualimu cha Sitabicha. Ulipokuwa nyumbani yalikuwa mapenzi tu, lakini tangu astaafu kule kiwanda cha karatasi yamekuwa kazi ya kudumu. Ana rimu ya lori, kama ile ya kengele ya shule, ambayo huibeba kwa kamba begani hadi uwanjani na kuitundika kwenye mti wa kando ya mstari. Mchezaji wa wageni akienda kuanzisha mpira, Baba humngoja. Mkono wa msichana ukigusa tu mpira, yeye hupiga rimu kwa bolti, kwaa! Mpira unakwenda kwenye ua wa michongoma. Nimeona wasichana wakubwa wakilia kwa sababu ya ile rimu. Refa mmoja alijaribu kumkataza, mashabiki wakakaa ndani ya uwanja mpaka refa akaomba msamaha.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka huu ikatangazwa kwamba ligi yetu imepanuliwa. Vyuo vya kutoka Trans-Nzoia vimeingizwa, kikiwemo Chuo cha Birunda cha huko Kitale. Dada, ungedhani wametangaza kwamba mto Nzoia utaanza kupanda mlima. Katika hoteli ya Dinah, pale stendi, watu waliacha chai ikapoa. Khaemba, yule kiongozi wetu wa mashabiki, alisimama juu ya benchi akasema ligi imeharibika, bana, ati sisi tutoke hapa twende mpaka Kitale kucheza na watu ambao wavu wao ni kamba ya kufungia ng'ombe. Wengine walilia kwamba mechi zetu za zamani zitapunguzwa ili wageni wapate nafasi, na mechi ya jirani kwa jirani ndiyo utamu wenyewe. Vijana wa stendi walisema poa tu, waje wachapwe. Dinah peke yake alifurahi waziwazi, kwa sababu mtu wa Kitale naye hula chapati.

Baba ndiye aliyewazidi wote. Alisema kesho wataingiza Suam kule mpakani, keshokutwa tutacheza na Uganda nzima. Alibeba rimu yake hadi nje ya ofisi ya mwenyekiti wa ligi, akaipiga mpaka akaitwa ndani na kupewa chai na mkate. Alikunywa chai yote, kisha akamwambia mwenyekiti neno moja: nafasi hakuna. Neno hilo alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Ukimpa habari ya mazao anakujibu nafasi hakuna.

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka sana. Nilijua hasira ile haikuwa ya mpira. Kila mtu akitaja Kitale, Baba huona lango letu, siku ile Mbugua na wazee wake walipokuja kutoka huko na ng'ombe wa mahari, na Baba akawageuza kabla hawajaingia. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ng'ombe mweupe aliyekuwa mbele, na nakumbuka alichosema Baba. Alisema mtoto akienda kwa watu wale atazaa watoto wenye majina ya huko tu, na majina ya nyumba yetu yatazikwa hai. Wewe ukamfuata Mbugua hata hivyo. Mama alipofariki, ukaja mazishini ukiwa mjamzito, ukasimama na akina mama wa kanisa, ukaondoka chakula kikiwa bado jikoni. Baba alikuona. Jioni alisema kwamba sasa jina la mkewe, Nabwile, limekwisha, kwa sababu binti ambaye angelirudisha yuko kwa Wakikuyu.

Basi ikafika Jumamosi iliyopita, Birunda wakaja Sitabicha. Uwanja ulijaa mapema. Wageni wetu walikuja kwa malori ya mahindi, na sisi tulikuwa tumejiandaa kuwacheka, ila walipoanza kushuka tulijisahau. Walishuka wazee wenye kofia, akina mama na leso zao, wanafunzi, watoto, na hawakuisha. Nilikuwa sijawahi kuona mashabiki wengi hivyo wakifuata wasichana wa mpira wa wavu. Halafu wakaimba, sauti za kiume chini, za kike juu, bila ngoma hata moja, na sauti ikatupiga kifuani. Hata Khaemba alifunga mdomo. Alipoufungua alisema ni kelele za watu wa shamba, lakini alisema polepole.

Kwetu ni desturi majina ya wachezaji wageni yakisomwa kwenye kipaza sauti, kila jina Baba hulipigia rimu mara moja, na mashabiki hujibu kwa kicheko. Ni utani wa kumkaribisha mgeni kwa woga. Mtangazaji akaanza. Cherono, kwaa, tukacheka. Rosaline, kwaa, tukacheka. Kisha akasoma, namba saba, Nabwile Mbugua.

Dada, bolti ilibaki hewani. Nilimwangalia Baba, naye alikuwa ananiangalia mimi. Kicheko kilianza huku na huku kikafa, kwa sababu rimu haikulia. Mtangazaji akaendelea na namba nane, na tisa, na Baba hakupiga hata moja. Akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia Nabwile. Akasema Nabwile ni wengi, kila mtoto aliyezaliwa usiku anaweza kuitwa hivyo, hata huko Kitale wako Wabukusu wenzetu. Nikamwambia ndiyo Baba, ila nimesikia na Mbugua pia. Akashusha bolti.

Mpira ukaanza. Sisi tulishinda seti ya kwanza, na Baba alikuwa akipiga rimu yake kwa wengine, lakini kinyonge, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Halafu zamu ya kuanzisha mpira ikamfikia namba saba. Akatembea hadi nyuma ya mstari, upande wetu kabisa, karibu na ule mti. Ni mrefu, dada, mtoto wako ni mrefu. Akaushika mpira kiunoni, akainamisha shingo kushoto, akavuta pumzi kwa pua. Ndivyo Mama alivyokuwa akifanya kila siku kabla ya kujitwika mtungi, shingo kushoto na pumzi kwa pua. Hakuna mtu duniani aliyemfundisha mtoto yule jambo hilo, maana aliyekuwa nalo tulikwisha kumzika.

Mashabiki walikuwa wakingoja rimu. Khaemba akapaza sauti, piga mzee, si upige! Msichana akaupiga mpira na uwanja wote ukasikia kofi la mkono wake na si kingine. Mpira ukapita juu ya wavu ukashuka miguuni mwa wasichana wetu, na hakuna aliyeugusa. Akarudia. Akarudia tena. Kila mara shingo kushoto, kila mara kimya, mpaka kimya kile kikatuingia sote na watu wakaacha kumwambia Baba apige. Nilikuwa shabiki wa Sitabicha tangu nikiwa na kaptura, na nilisimama pale nikiona tunashindwa, na sikutaka aache. Nilistaajabu, dada, sina neno lingine. Machozi yalinitoka mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la sita.

Tulishindwa. Khaemba alikuja akamwambia Baba kwamba amenunuliwa kwa gunia la mahindi ya Kitale. Siku nyingine yoyote pangekuwa na vita. Baba alimpita kama mtu anayepita mti, akavuka mstari, akaingia uwanjani na goti lake, akaenda moja kwa moja hadi alipokuwa yule msichana akinywa maji. Nilimfuata. Akamuuliza yeye ni wa nani. Mtoto akajibu kwa adabu kwamba ni wa Mbugua wa Saboti, na mama yake ni Agneta, wa kwa mzee Jairus hapa Webuye. Alisema hivyo bila kujua anamwambia nani. Baba akauliza ni nani aliyempa jina la Nabwile.

Akasema ni baba yake. Akatueleza kwamba kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, na ndiyo sababu dada yake ni Wacuka, na wa pili hupewa jina la mama wa mke, haijalishi mke ametoka kabila gani. Akasema wewe uliogopa ukataka jina la kanisani tu, na mzee Hiram, kaka mkubwa wa Mbugua, alikataa kabisa nyumba yao ibebe jina la watu waliofukuza ng'ombe wao. Lakini Mbugua alimjibu kwamba ng'ombe walifukuzwa na mzee, mama hakumfukuza mtu, na mama lazima arudi.

Mimi nilikuwa sijui desturi hiyo. Baba naye hakuijua. Miaka yote hiyo alidhani jina limezikwa, na kumbe lilikuwa likienda mtoni Saboti, likichuma maharagwe, likienda shule.

Nikamwambia mtoto kwamba huyu ndiye mzee Jairus. Akashusha chupa ya maji, akapiga goti palepale kwenye vumbi akamsalimia babu yake, mulembe, kuka. Kwa lafudhi yako, dada, ile ile. Mashabiki wa pande zote walikuwa wametuzunguka, wa Kitale na wa kwetu, na hakuna aliyekuwa akiimba. Unajua jinsi babu anavyomtania mjukuu aliyebeba jina la mkewe. Baba akamshika mikono yote miwili, akamwita mke wangu, akamuuliza alikuwa wapi siku zote hizi. Watu wakacheka kwa sababu ni utani. Kisha wakaona uso wake, wakaacha kucheka. Dinah alileta chapati kwa kila mtu, na nilimwona Khaemba akimmegea mzee mmoja wa Kitale, wakibishana kuhusu namba saba kama watu waliojuana tangu zamani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo Baba hajui kama naliandika. Jumatatu yake nilitoka nyumbani kwenda kazini nikamkuta kwenye boma la ng'ombe akichimba mashimo. Goti lile lile, jembe lile lile la zamani. Alikuwa ameng'oa ua wa upande wa chini na kuusogeza mpaka karibu na migomba. Tuna ng'ombe wawili tu, dada, na boma la zamani liliwatosha na kubaki. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anapanua kidogo. Nikauliza kwa nini. Akaendelea kuchimba, halafu akasema bila kunitazama kwamba siku ile walikuja ng'ombe wazuri, na nafasi ilikuwepo.

Hajasema nimwambie Mbugua alete ng'ombe. Jairus hawezi kusema hivyo, unamjua. Ila juzi alimaliza lango jipya, pana kuliko lile la kwanza, na jana Khaemba alipokuja kuomba rimu kwa ajili ya mechi ya marudiano kule Kitale, alikataa kumpa. Ameitundika kwenye nguzo ya lango hilo, na bolti iko juu yake. Anasema ataipiga mara moja tu, na hasemi lini.

Nisalimie Mbugua sana, na umwambie namuita shemeji kwa mara ya kwanza kwa maandishi. Mzee Hiram pia nisalimie, hata kama bado ana hasira, ana haki yake. Mke wangu Phelista anakusalimu, na wanangu wanauliza shangazi anafanana na nani. Baba hajatuma salamu. Ila ameniuliza mara mbili kama barua bado, na kama posta ya kesho itawahi.

Ni mimi ndugu yako mdogo, mwenye meno yote,

Levi