Jua la Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 3 Juni 2002
Umeme umerudi saa tatu. Nimefungua duka, nimepangusa vumbi, nimewasha kompyuta ya Bwana Salum. Kazi yangu ni barua zake na fakture, yaani ankara, za vitenge, lakini kioo cha kompyuta nimekipamba mwenyewe. Picha ya mlima iliyokuja nayo niliitoa. Juu kulia nimeweka saa ya mishale niliyoitoa kwenye mtandao, mshale wa sekunde unatembea kweli. Chini yake kidirisha cha hali ya hewa ya Bujumbura: jua. Kushoto, kubwa kuliko vyote, orodha ya wale waliopotea vitani wakapatikana. Kila asubuhi kompyuta inapiga simu ya mtandao yenyewe, inaleta orodha mpya. Natafuta jina moja tu. Byamungu, kaka yangu. Leo hayupo.

Jumanne, 4 Juni
Bwana Salum amenifokea mbele ya wateja. Alikuwa anangoja simu ya Dubai, kumbe kompyuta imeshika laini. "Binti, hii simu ni ya duka ao ya mashine yako?" Haki yake. Lakini ameniudhi. Kwa hasira nimeweka alama pale palipoandikwa "hors connexion", yaani bila mtandao, isipige tena yenyewe. Yeye akifungua barua zake za mtandao saa sita, orodha nayo itajileta. Nafikiri ndivyo inavyofanya kazi.

Ijumaa, 7 Juni
Risasi mtaani kwetu, Musaga, tangu alfajiri. Mi na mama tumelala chini, sakafuni, mpaka kukapambazuka. Gari hakuna. Nimeshuka kwa miguu hadi dukani, Asiatique. Saa inatembea. Jua. Hayupo. Nimechoka hoi.

Jumatano, 12 Juni
Baba mdogo amekuja nyumbani. Miaka sita, amesema, mutu hawezi kukaa kwenye kilio miaka sita. Byamungu alipotea siku tuliyokimbia Uvira. Alinipa sanduku lake nibebe, akarudi kumchukua bibi. Hatukuwaona tena, wote wawili. Tangu siku ile mama ni nguo nyeusi tu. Sasa baba mdogo anataka tumalize matanga tarehe ishirini na mbili, nguo za marehemu zigawanywe, mama apumzike.

Kisha wakanitazama mimi. Mimi ndiye wa kompyuta.

"We unaangalia kila siku. Jina liko?" akauliza baba mdogo.

"Apana," nikasema. "Haliko."

Mama akainamisha kichwa. Basi, akasema, tumalize. Neno langu ndilo lililokata. Sijapenda kuwa mimi.

Alhamisi, 20 Juni
Joto, vumbi, umeme unakuja unakatika. Siku mbili zimebaki. Nimesoma majina yote mara tatu, kutoka Abedi wa juu mpaka Zawadi wa chini. Nimeshayakariri bila kutaka. Hayupo.

Jumamosi, 22 Juni
Tumemaliza matanga. Watu wamekula, wameimba, wameondoka mapema kabla ya saa ya kutotembea nje usiku. Sanduku limefunguliwa. Mashati matatu, suruali moja, koti la kahawia. Koti limekwenda kwa baba mdogo, ndiyo desturi. Mama amevaa kitenge cha kijani. Alipendeza, na mi nikamchukia kidogo. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 24 Juni
Mvua! Mvua ya Juni Bujumbura, nani ameiona? Watu wamejibanza mlangoni kwetu wanacheka. Mi nikatazama kioo. Jua. Nikasema moyoni, waongo hawa.

Halafu nikaitazama saa. Ile saa inafuata saa ya kompyuta yenyewe, haihitaji mtandao. Ndiyo maana inatembea. Lakini lile jua ni la tarehe nne. Orodha ni ya tarehe nne! Siku ishirini nasoma ukurasa ule ule, na kiangazi jua ni jua, ningejuaje? Apana, ningejua. Majina nimeyakariri, mjinga mimi, orodha mpya mtu anaikariri vipi?

Nikaondoa ile alama niliyoiweka kwa hasira, bila kuomba ruhusa. Simu ikalia wee, orodha ikashuka pole pole. Byamungu, mama Nyota, Uvira. Yuko kambini, Kigoma. Jina limeingizwa tarehe kumi.

Tarehe kumi. Waliponiuliza ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Bwana Salum alikuja kufoka kwa ajili ya laini. Akaniona, akasoma nilipoweka kidole, akavuta kiti. "Alhamdulillahi. Lia kwanza, binti. Dubai watangoja."

Jumanne, 25 Juni
Jana jioni nilimwambia mama yote, na kosa langu. Hakunigombeza. Hakupiga vigelegele. Aliniuliza mara mbili kama jina lake yeye limeandikwa pale, Nyota. Nikasema ndiyo.

Asubuhi ameniambia, "Twende tuombe koti."

Tulimkuta baba mdogo anatoka kwenda kazini kwenye viwanda, Zone Industrielle, amelivaa. Mama akamweleza pale pale mlangoni. Alitoa kitambulisho na leso mfukoni, akavua koti, akalikung'uta vumbi, akampa mama kwa mikono miwili. Akaenda kazini na shati.