Rupia ya Chini ya Mkwaju

Mbeya,
14 Oktoba 1979

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni baridi tu ya huku Mbeya inayonionea, nami nimeshaizoea. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepoa. Mama hajambo? Ndama wa yule ng'ombe mwekundu amepona? Nauliza haya yote kwa kuwa nataka kujua kweli, na pia kwa kuwa naogopa kufika kwenye habari yenyewe.

Lile gunia la karatasi ulilonipa wakati wa Sabasaba, nilipange ili ujue pa kuchimba shimo kubwa, nimelimaliza. Miaka tisa ya kutafuta sanduku la mali alilozika Mjerumani, yote ndani ya gunia la mbolea! Panya walikuwa wamekula habari ulizokusanya Madibira karibu zote, na mengine uliyaandika kwa mkaa juu ya pakiti za sigara. Unajua kazi yangu ni ya masijala, kutunza majalada ya ofisi. Karatasi zikikaa ovyo mimi sili vizuri. Kila mtu aliyekupa habari za sanduku nimemfungulia jalada, na ndani nimeandika alisema nini, alisema lini, na yeye aliambiwa na nani. Kila shimo nalo lina jalada lake: mahali, kina, aina ya udongo, na sababu ya kuacha. Yote nimeyatia kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Najivunia sanduku hilo kuliko gauni langu la sikukuu.

Lakini lile swali la aliambiwa na nani ndilo lililoniharibia raha. Mwezi uliopita nilitumwa Iringa kikazi, nikapita Kalenga kwa Mzee Yotamu, yule unayesema hawezi kukosea kwa sababu babu yake aliwabebea Wajerumani mizigo. Alinikaribisha ugali na maziwa ya mgando, akasema sanduku liko hatua arobaini kutoka mkwaju mkubwa. Nilipomuuliza alijuaje, akasema babu yake hakuwahi kutaja sanduku lolote. Alisikia kwa Muhidini, mwenye duka la majembe pale Mwanjelwa. Niliporudi nikamfuata Muhidini. Alicheka mpaka akaketi. Akasema aliambiwa na mzee mmoja Msukuma wa Usangu, mteja wake, jina lake Bujiku.

Baba, umeuziwa ng'ombe wako mwenyewe! Mashahidi wote kumi na wanne, nikiwafuata nyuma, wananirudisha kwako, na wewe unarudi kwenye ile rupia ya Kijerumani niliyoiokota chini ya mkwaju mwaka tuliohamia. Na sasa unaniandikia kwamba mwezi ujao utawauza maksai wote wanne ili upate wachimbaji. Mvua zikianza mtalima na nini?

Tulia kidogo, nina habari nyingine. Katika mashimo ishirini na mawili, majalada saba yanaishia kwa maneno yale yale: maji yamepanda, mali imekataa, tumefukia. Mganga alikwambia maji yakipanda ni mwenye mali anawafukuza, nawe ukafukia upesi kabla majirani hawajaona. Nimeyachora yote saba kwenye karatasi moja. Yamejipanga kutoka mkwaju hadi nyuma ya shule. Na Mama kiangazi chote anafuata maji mwendo wa saa mbili! Nilicheka, kisha nikalia.

Bwana Anyitike, fundi wa visima tunayefanya naye kazi, aliuona mchoro mezani kwangu, akauliza ni mtaalamu gani aliyepima. Nikasema ni baba yangu. Hakuahidi kisima, ameahidi kuja. Wiki ya kwanza ya Novemba yeye na wenzake watajaribu mashimo mawili, na anaomba uwaonyeshe, na pia wapatikane maksai wa kuvuta kokoto.

Ningeweza kuishia hapo. Ungewaacha maksai kwa ajili ya maji, nami ningebaki mtoto mwema. Lakini juzi nimefungua jalada la kumi na tano. Shahidi: Kashindye binti Bujiku. Alisema nini: ameokota rupia. Aliambiwa na nani: hakuna.

Sikuiokota, Baba. Nilipewa na bibi yake Sekela, rafiki yangu wa darasa la tatu. Bibi huyo aliifungua kwenye ushanga wake. Ulikuwa umeshasema turudi Shinyanga, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepata shule. Nikaizika, kisha nikaichimbua mbele yako. Ulicheka, mara ya kwanza tangu tuhame, ukasema hatuondoki. Nilifurahi sana. Baadaye ukaanza kuchimba, na kila nilipotaka kusema nilikukuta umejaa matumaini, nikanyamaza. Nisamehe. Kusoma kwangu kote kumesimama juu ya uongo huo.

Ukikasirika una haki. Ila maksai usiwauze kwa ajili ya rupia yangu. Nitakuja na gari la akina Anyitike, nimekalia sanduku langu la bati, nisikilize lolote utakalosema. Rupia itunze mpaka nifike. Bibi yake Sekela bado yu hai, nataka nimrudishie kwa mkono wangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Na tafadhali, Baba, mwambie Mama habari za maji kabla hujamwambia habari zangu.

Mwanao akupendaye,
Kashindye