Miguu Ilipokataa Kuingia Wodini

Lindi, Ijumaa baada ya swala

Baba Rukia, mume wangu,

Assalaam alaykum. Waendeleaje na ufuta shambani? Mama mgongo umeachia? Mimi leo ni mzima kwelikweli, na moyo unakimbia kuliko kalamu.

Naandika kwa sababu kwenye simu nimezoea kusema "mzima" na kukata. Sikuwa mzima. Tangu gonjwa hili lilipojaza wodi yetu, nikirudi chumbani nilikuwa nasikia wagonjwa wakihema hata pasipo na mtu. Chakula kikawa hakipiti. Siku moja nikaingia stoo ya mashuka, nikakaa chini, nikashindwa kuinuka.

Edna, muuguzi mwenzangu wa Kitomanga, akanikuta humo. "Somoe, zamu imeanza."

"Miguu imekataa."

Nilidhani atanicheka. Akakaa sakafuni kando yangu. "Mimi jana nimekuja kazini na viatu vya mume wangu," akasema, "nikagundua mchana." Tukacheka, tukalia, kisha tukaenda sote kwa metroni, mkuu wetu. Nilijua nitakaripiwa.

Mama yule mkali akavua miwani. "Mimi hulia bafuni, nimefungulia bomba watoto wasisikie. Mngekuja mapema."

Basi akanipunguzia zamu, akatuletea mtaalamu wa ushauri. Sasa kila alasiri wauguzi tunakaa naye nyuma ya chumba cha kufulia, kila mmoja anasema lililomkaa rohoni. Nilimtaja yule binti aliyefariki nimemshika mkono. Sikuwahi kumtaja kwa mtu. Siku hiyo nililala, nikaamka na njaa, nikamaliza sahani nzima ya mihogo ya nazi.

Na leo bibi mmoja wa Kilangala, tuliyekwisha kumkatia tamaa, ametoka wodini kwa miguu yake. Akanigeukia: "Mwanangu, na wewe upone." Mimi na Edna tukapiga vigelegele mpaka metroni akatoka ofisini, naye akapiga chake.

Sasa sikia: nimepewa likizo. Jumatano nitakuwa Njinjo.

Mpe Mama mkwe shikamoo yangu. Nisalimie shemeji Hamisi wa mashine ya kusaga, na jirani Mama Yohana anayetutunzia kuku. Ukiniona nimenyamaza jikoni, usiulize nina nini. Kaa nami tu.

Rukia usimwambie. Muda wote huu niliogopa kumletea ugonjwa. Sasa nimepimwa, niko salama. Nataka nimbebe mwenyewe tangu barabarani mpaka ndani.

Mkeo,
Somoe