Profesa Anakuja Kuona Makaburi Yasiyo ya Kwetu

Mpendwa Shangazi Jenifer, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, nafundisha chuo kikuu huko Kanada, na bado nimejifungia kwenye chumba cha gesti hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, tangu asubuhi natazama ukungu unavyoshuka juu ya mabati na sijui niende wapi.

Baba yangu, Mwalimu Medard, na mama yangu ni Waha wa Kasulu. Walipangiwa kazi huku, kijijini Masoko, nikiwa na miaka miwili, wakawa wananiacha kwa jirani, Bibi Ikupa, kila walipokwenda kufundisha, na kwa kuwa walikuwa shuleni kutwa nzima mimi nililelewa kwenye migomba yake, nikajua Kinyakyusa kabla ya Kiswahili, na yeye ndiye aliyeniita Tusekile, yaani tumefurahi, ingawa vyeti vyangu vyote vinasema Anneth. Mchana tulikuwa tunateremka wote hadi ziwani, na lile ziwa limetulia chini ya miti kiasi kwamba nilikuwa naogopa kukohoa, na mpaka leo nikiota naota nipo pale. Wazazi walipostaafu walirudi Kasulu, mimi huko nimefika mara tatu tu, na kila nikifika wananikaribisha kama mgeni.

Sasa, Shangazi, huko Kanada nina rafiki, Profesa Doreen, ni Mmohawk, hao ni wenyeji wa nchi ile tangu kabla Wazungu hawajafika, wa ukoo wa Kobe, na kwao ukoo mtu huupata kwa mama. Yeye hafundishi kabla hajasema ni nani, ukoo wake ni upi na mto wa kwao ni upi, ndipo anafungua somo, na siku yangu ya kwanza darasani akaniambia, "Nawe sema kwenu." Nje theluji ilikuwa inaanguka polepole bila sauti, vijana arobaini wananitazama, nikafungua mdomo na maneno yakatoka yenyewe: mimi ni Tusekile, Mnyakyusa wa Masoko, babu zangu wamelala chini ya migomba karibu na ziwa. Ilikuwa tamu, Shangazi, sikujiona naongopa, nilijiona nimefika nyumbani, na nimesema hivyo kwa miaka sita.

Mwaka jana tulikuwa tunasafiri kwenda kwenye mkutano, tunavuka mto wao mkubwa ukiwa umeganda, akaanza kunieleza habari za watu wanaojifanya Wamohawk ili wapate nafasi vyuoni. Akasema, "Ardhi walishachukua, sasa wanachukua na bibi zetu." Nikageukia dirishani, nikajifanya nimesinzia mpaka tukafika.

Mimi nimetangulia huku, naye anakuja mwisho wa mwezi. Ameniandikia kwamba amefunga tumbaku aliyoilima mama yake, maana kwao tumbaku ndiyo heshima ya waliotangulia, na anataka kuiweka kwa mikono yake kwenye makaburi ya babu zangu. Jana nikaenda Masoko, nikamkuta Bibi Ikupa anamenya ndizi, amezeeka, macho yamefifia, lakini sauti yangu aliijua kabla sijafika mlangoni. Nikamwomba amwambie mgeni kwamba mimi ni mjukuu wake wa damu na yale makaburi ya nyuma ya nyumba ni ya babu zangu. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Gwe Tusekile, ina maana mimi kukulea hakutoshi mpaka tuseme uongo?" Nikaaga.

Nikisema kweli nampoteza Doreen, na huenda na kazi pia. Nikinyamaza, atainama kwenye makaburi yasiyo ya kwetu. Shangazi, nifanye nini?

A.M., Tukuyu

*

Marahaba, mwanangu. Sijakucheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya lile ziwa, maana umeliandika vizuri, na hilo ndilo tatizo lako: unasema kitu kizuri mpaka unakiamini.

Nakuhurumia. Hukuomba kupelekwa Masoko, wala Kasulu hukuikimbia. Wako wengi humu wilayani, watoto wa walimu na wa manesi waliohamishiwa huku, wanaota kwa Kinyakyusa na wakiulizwa kabila wanataja la baba kwa sauti ndogo. Kupapenda mahali ulipolelewa si dhambi. Lakini wewe ulipoulizwa kwenu ulimfuta Mwalimu Medard akiwa hai, ukaazima wafu wa watu. Mkataa kwao ni mtumwa, binti.

Na usiniambie kwamba hukujiona unaongopa. Asiyeongopa hajifanyi amesinzia. Rafiki yako alikuonyesha panapomuuma, ukalala!

Sasa sikiliza. Wiki hii mpigie Doreen, usimwandikie, na usingoje ashuke kwenye ndege Songwe na tumbaku yake mkononi. Mwambie: mimi ni Muha, baba yangu ni Medard wa Kasulu, nililelewa na Bibi Ikupa wa Masoko, na kwa miaka sita nimekuwa nikisema vingine. Usiongeze theluji wala ukungu. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Chuoni nako useme mwenyewe kabla hujasemwa, na litakalokupata ulibebe. Asipokuja, basi hakuja. Ile tumbaku ni ya mama yake, yeye ndiye anayejua pa kuipeleka.

Kisha mpigie baba yako, umuulize baba yake amezikwa wapi. Nadhani hujui, na nadhani atafurahi kuulizwa.

Ila kuna mtu wa kutangulia hao wote. Barua yako imejaa hofu ya mgeni, na Bibi Ikupa, aliyekuuliza swali moja tu, ulimwacha hivyo hivyo ukaaga. Mama yule alimlea mtoto wa jirani kama wa tumbo lake, akampa na jina, halafu mtoto huyo anarudi na shahada zake kumwomba aongeze damu ili apendeze mbele ya wageni. Unajua ulichomwambia? Ulimwambia hakutosha.

Kesho asubuhi rudi Masoko. Usimpelekee sukari wala kitenge kwanza. Piga magoti pale pale mlangoni, umwambie alitosha.